Chapa ya Mama Kulwa Kwenye Waleti Yangu

Jumatano. Joto la Ushirombo leo halina adabu, ila jasho langu ni la hasira.

Mnaonisoma mnazijua waleti zangu: ngozi nene ya ng'ombe, juu yake nimechapa noti ya zamani ya shilingi ishirini, ile ya buluu. Wachimbaji wa Geita wanazipenda, zinavumilia matope na jasho. Safari hii ngozi nilinunua kwa Shija, mchinjaji, swahiba wangu wa miaka. Ilikuwa na chapa ya moto ya mwenye ng'ombe, kiduara chenye mikia miwili. Fundi mwenye akili angeikata akaitupa. Mimi, msanii, nikaiacha ikae pembeni ya noti kama muhuri wa benki. Nikajipongeza.

Leo mnadani Mama Kulwa, mjane wa kijiji jirani, akaishika waleti ile. Akapitisha kidole juu ya chapa.

"Baba Neema, ng'ombe wangu umemfanya pochi?"

Ng'ombe wake pekee wa maziwa aliibwa zizini kabla ya mvua. Tulimtafuta wote. Hata mimi nilifuata nyayo na kitambi changu hiki, nikaishia kukaa kwenye kichuguu nikihema.

Watu wakasogea. Mmoja akasema, "Wezi wa siku hizi wanatembeza ushahidi wenyewe." Wakacheka.

Mama Kulwa hakucheka.

Nikaenda buchani kwa Shija. Hakuacha hata kukata nyama. "Si wewe mtaalamu wa ngozi? Uliiona chapa. Uliuliza?" Kisha akashusha sauti: "Ukinitaja, kaka, nitasema tulikuwa wote."

Kaka! Mtu niliyembebea mwanawe ubatizoni!

Nimerudi nyumbani nimepiga teke ndoo, nimeumia kidole, hasira ipo palepale. Maana Shija kasema ukweli nusu. Mimi Msukuma, nimekua nikichunga, nisijue kwamba chapa ina mwenyewe? Nilijua. Ngozi ilikuwa nzuri, nikanyamaza.

Mke wangu ananiambia nifikirie watoto. Nawafikiria. Nafikiria na yule mama anayenunua maziwa dukani.

Kesho asubuhi nampitia, twende naye kwa mtendaji wa kijiji. Nitaanza na jina langu: nilinunua, sikuuliza.

Halafu nitamtaja Shija.