Mkangazi Ulioupanda Mbele ya Darasa

Mama mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa darasani, na jua la asubuhi linanipiga kichwani. Usishangae. Darasa la kwanza halina paa tena. Upepo wa wiki iliyopita, ule unaoshuka kutoka msituni kabla ya masika, uliling'oa paa lote ukalitupa bondeni kwenye migomba ya watu. Hakuna mtoto aliyeumia kwa sababu ilikuwa Jumapili. Kila ninayekutana naye njiani ananiambia nishukuru. Nimeshukuru, mama, nimeshukuru mpaka nimechoka, na bado sina paa.

Leo asubuhi fundi anakuja na msumeno wake kuukata mti wako. Nataka uyasikie kwangu mimi kwanza, maana nadhani hata huko uliko umbeya wa kijiji chetu unafika.

Unakumbuka palivyokuwa hapa? Palikuwa shamba lako la maharage, kipande pekee cha tambarare upande wetu wote wa mlima. Kwingine kote mtu akidondosha boga analifuata mpaka mtoni. Serikali ilipotutumia ujumbe kwamba tukisimamisha kuta wenyewe italeta mabati na mwalimu, wazee walikutana mara nyingi wakatafuta mahali. Kila mmoja alisifu sana shamba la mwenzake. Wewe ulinyamaza kwenye vikao vyote, halafu siku moja ukatoka nyumbani na jembe, ukang'oa maharage yako yakiwa bado na maua. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka jinsi nilivyolia, maana niliyapalilia yale maharage.

Mjomba Kibwana alikuja mbio, hata kiti hakutaka. Ardhi yetu inapita kwa mama, yeye ni kaka yako na ndiye anayesemea ukoo, na wewe hukumwuliza.

"Dada, umemnyima Zena shamba lake," alisema.

"Ndiye huyohuyo niliyempa," ulimjibu, ukaendelea kulima.

Basi watu wakaja. Siku za msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu wa kujenga, ilikuwa kama tuna harusi. Wanaume walikanyaga udongo, nyinyi wanawake mlipandisha maji kutoka mtoni, sisi watoto tulibeba nyasi za kuchanganyia matofali. Kuta zilipanda. Mwalimu akaletwa hata kabla kuta hazijafika madirishani, Mwalimu Yona, kijana mrefu kutoka Singida aliyekuwa akihema kila akipanda kilima. Tulimpenda siku ileile. Na siku si nyingi akaharibu kila kitu.

Sijui kama uliwahi kumcheka, mimi bado namcheka nikikumbuka. Maskini ya Mungu, alitoka nchi kavu ambako mti ni baraka na hakuna anayeuliza nani kaupanda. Alishuka Morogoro, akaomba miche ya mikaratusi, akarudi nayo begani, akatupanga sisi wanafunzi tukaipanda mstari mmoja mbele ya shule. Akasimama kando akifurahi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwetu mtu aliyeazimwa shamba hupanda mahindi, hupanda maharage, akivuna hupeleka ngoto yake kwa mwenye ardhi, kidebe cha mazao au kuku, ili ijulikane kwamba ardhi si yake. Mti hapandi hata siku moja. Anayepanda mti anasema, hapa ni pangu na watoto wangu.

Kesho yake msaragambo haukuwa na mtu. Mwalimu Yona aligonga ile ringi ya gari aliyoitundika iwe kengele, akagonga, akagonga, hakutokea hata mmoja. Miche mingine ilikwisha kung'olewa na kutupwa njiani. Alikuja nyumbani kwetu, macho mekundu.

"Mama Zena, nimewakosea nini? Nimepanda miti tu."

"Umepanda miti, mwalimu," ulimwambia. "Ndicho ulichokosea."

Ukamweleza. Alikaa kwenye kinu chetu, ameshika kichwa. Kuta zilikuwa wazi na mawingu yalikwisha kaa juu ya mlima. Sote tulijua mvua ikianza, yale matofali mabichi yatarudi kuwa matope, na mwalimu atapelekwa kijiji kingine kilichokuwa tayari kumpokea.

Wewe ulikwenda kando ya kijito chetu ukachimbua mche wa mkangazi. Uliushika kwa mikono miwili ukapita nao katikati ya kijiji, polepole, mbele ya kila mlango, na mimi nyuma yako nimebeba jembe nikiona aibu. Ulipofika hapa ukauotesha katikati ya mstari wa Mwalimu Yona. Watu walikuwa wamekufuata kuona kichaa kimefika wapi. Uliwageukia, mikono ina udongo.

"Mwenye shamba nimepanda. Nimewapandia hawa watoto, wa ukoo wetu na wasio wa ukoo wetu. Sasa nani anang'oa?"

Hakung'oa mtu. Mjomba Kibwana alitema mate pembeni, akavua shati, akaenda kukanyaga udongo. Jioni ile kuta zilifika juu ya madirisha.

Mengine nayakumbuka kwa raha, mama, na niachie niyaseme kidogo kabla sijarudi kwenye shida. Nakumbuka mlivyopandisha mabati kutoka pale lori lilipokwama, kila mwanamke na bati lake kichwani, upepo unawasukuma huku na huku, na wewe unayatukana mabati kama ni mbuzi. Nakumbuka ulivyojiandikisha kisomo cha watu wazima, ukakaa kwenye dawati langu mchana wakati mimi nimetoka, na ukinikuta nimelichora unanichapa kofi. Siku uliyosoma jina lako ubaoni ulirudi nyumbani ukaliandika kwa mkaa kwenye mlango, kwenye mtungi, mpaka kwenye mgongo wa sufuria. Nilipochaguliwa kwenda sekondari Kilakala, ulinishusha mwenyewe kwa miguu mpaka mjini, na langoni ukaniambia usilie, ule na usome. Niliporudi na cheti cha ualimu, nikaomba nipangiwe hapahapa, uliukumbatia ule mti kabla hujanikumbatia mimi. Niliona wivu, sikukuambia.

Sasa sikia hali yetu. Mhimili wa paa ulikuwa umeliwa na mchwa ndani, nje mzima, ndani unga. Mabati tumeyaokota bondeni, yamekunjamana lakini yananyooka kwa nyundo. Tunachokosa ni mbao. Msitu wa juu ni hifadhi, hatuugusi. Mikaratusi ya Mwalimu Yona imekwisha kukatwa mmoja mmoja kwa miaka hii yote, kwa madawati, kwa zahanati, kwa machela ya wagonjwa. Nimeshuka mjini mpaka ofisini kuomba. Nilikaa kwenye benchi mpaka mchana, kisha ofisa akaniambia bila hata kuinua macho, "Mwalimu, hali ya nchi unaijua. Jitegemeeni." Nilitamani kumwuliza anadhani tumekuwa tukimtegemea nani. Sikumwuliza, nilihitaji chaki, na chaki yenyewe nilipewa vipande.

Ofisini wameniambia kwamba masika yakianza shule haijaezekwa, watoto watahamishiwa shule ya chini, ng'ambo ya mto. Mto wetu unaujua wakati wa masika. Wakubwa labda watavuka. Wa darasa la kwanza hakuna mzazi mwenye akili atakayewavusha, na mtoto wa huku akikaa nyumbani mwaka mmoja ndiyo basi, anapewa jembe au anapewa mume. Nasema haya na machozi yananitoka juu ya karatasi, utanisamehe mwandiko.

Niliita mkutano wa wazazi. Walikuja wachache. Yule aliyekuwa akiimba kuliko wote wakati wa kukanyaga udongo, sasa mvi zimemjaa, alisimama akasema, "Mwalimu, shule hii tulijenga tukiwa vijana. Tukachangia madawati, tukachangia nyumba ya mwalimu, tukalima shamba la shule. Sasa tuijenge tena? Lini itasimama bila migongo yetu?" Ningekuwa na sukari ningempa sukari, nayo haipatikani. Walitawanyika mmoja mmoja kabla hata sijafunga mkutano.

Fundi aliuzunguka mti wako, akaupiga kwa kiganja, akasema, "Huu unatoa mhimili, na mbao zinabaki." Ni huo tu uliobaki, mama. Ungekuwepo mwingine ningeukata, hata kama ungekuwa wa sultani.

Na hapo ndipo penye kisu. Siku ya matanga yako Mjomba Kibwana alisema mbele ya ukoo wote: mti wa dada ukisimama, alichotoa kimesimama, ukianguka shamba linarudi kwetu. Hakuna aliyembishia, ndivyo ilivyo kwetu. Nikakate mti ili niezeke shule, halafu shule isiwe na mahali pa kusimama? Nimekosa usingizi kwa swali hilo mpaka wanafunzi wananiuliza kama naumwa.

Juzi nilikwenda kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Kaa."

Nikamwomba. Nilimwomba vibaya, mama, nilipiga magoti, kitu ambacho ungenikaripia. Aliniinua. Amezeeka sana.

"Zena, mimi siwachukii watoto," alisema. "Lakini wewe ndiye mwenye shamba sasa. Kama unataka shule ibaki, panda wewe. Upande kabla ule haujaanguka. Mimi nitakuja kushuhudia, na sitasema neno tena mpaka nife."

Nilifurahi. Nilikaribia kumbusu miguu. Ndipo akaniuliza, taratibu, "Na mwanao Mwanaidi atalima wapi?"

Mama, lile shamba la mteremkoni uliloniachia halipo. Liliporomoka na mvua mwaka uleule tuliokuzika, likaacha mwamba mtupu. Baba yake Mwanaidi anafanya kazi ya reli Kisaki, kwake kuna chumba cha kampuni, ardhi hana. Kiwanja hiki cha shule ndicho kitu pekee duniani ambacho mjukuu wako angeweza kukiita chake. Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anatimiza umri wa kuanza darasa la kwanza, hajui hata kuna jambo linaitwa ardhi. Na mimi nimlipie paa kwa shamba lake. Nikikataa kupanda, shule itakufa, shamba litarudi, Mwanaidi atapata maharage na hatajua kusoma, yeye na watoto wote wa kilima hiki. Nikipanda, siku nikizeeka sina pa kushika jembe, wala yeye. Njia ya tatu nimeitafuta, haipo.

Mjomba alisema jambo moja zaidi wakati ananisindikiza. Alisema ulipokuwa mgonjwa ulimwambia habari za siku ile. Sisi sote tulidhani ulipita na ule mche katikati ya kijiji kwa ujasiri. Yeye anasema ulimwambia hivi: "Kaka, nilikuwa natetemeka. Nilidhani nitabaki peke yangu na ule mti na kuta zinayeyuka. Nilipanda tu kwa sababu sikujua la kufanya."

Kwa nini hukuniambia mimi? Miaka yote nimekuwa nikijilaumu kwamba sina moyo wako. Kumbe moyo wenyewe ulikuwa huu huu nilio nao sasa hivi, unaodunda kwa hofu.

Fundi amefika. Namsikia ananoa msumeno. Mjomba Kibwana naye amepandisha kilima kwa fimbo yake, amekaa kwenye jiwe karibu na ringi, hanitazami. Shimo nimechimba tangu alfajiri, hatua chache kutoka kwenye shina lako. Mche niliuchimbua kandokando ya kijito kilekile, upo hapa miguuni kwangu ndani ya kopo la maziwa. Mwanaidi nimemwacha nyumbani. Nisingeweza kuufukia huku ananitazama.

Nikishapanda nitagonga ringi. Sijui kama atakuja mtu, mama. Mawingu yamekaa juu ya mlima, yaleyale, na njia zote ninazoziona kutoka hapa ni tupu. Nitaigonga hata hivyo, nitaigonga mpaka mkono ukatike, na asipotokea mtu nitampokea fundi ncha moja ya mhimili mimi mwenyewe.

Udongo wa shimo umeanza kukauka. Acha nikapande. Pumzika, mama yangu, na unisamehe mti wako.

Mimi mwanao, Zena,
aliyekuwa na shamba.