Godoro la Saloni na Komunyo ya Mama

Papa Kakule, wewe uliye Butembo, ambaye kila nikigusa jambo hili kwenye simu unasema rezo ni mbaya,

Safari hii huwezi kukata. Karatasi haina kitufe. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono uleule ambao mwalimu wa sekondari alisema unafaa kushika jembe tu, na nimempa Mama Furaha, yule jirani anayezungukia Uganda mpaka huko na vitenge vyake. Bahasha sijaifunga. Asome yeye, wasome watu wa mpakani, asome na padri akitaka. Mimi ndiye motard, dereva wa pikipiki, namba moja kuanzia mtaa wa Majengo mpaka Katoyi, na mutu wa namna hiyo haandiki barua ya kujificha.

Kwanza nikuambie ndoto. Tangu vita vifunge njia nakuota. Nimekubeba nyuma ya moto, pikipiki yangu, umekumbatia godoro lililokunjwa, na barabara haina mawe wala shimo, laini kama bugali. Upande mmoja ziwa, upande mwingine moshi wa volkano umelala juu ya mlima, hauna haraka. Hatuongei. Hatufiki. Naamka na mikono bado imeshika usukani.

Godoro hilo unalijua. Mimi nalijua kuliko wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katika katekisimu hakuna aliyenishinda, usikatae. Mama akaenda kwa padri mzee kuuliza kama siku hiyo angeweza kupokea pamoja nami. Alifunga ndoa kanisani na baba aliyenizaa; baba akaenda Kisangani na mwanamke mwingine, hakurudi. Kisha ukaja wewe na mapipa yako ya mafuta ya mawese, ukapeleka mbuzi kwa wajomba Masisi, ukachukua mke na mimi juu yake, kama mutu anayenunua gunia akapewa matabishi, nyongeza ya bure. Lakini kwa kanisa mume wa mama alikuwa bado yule wa Kisangani. Padri alimjibu kwa upole kwamba iko njia moja: muishi nyumba moja kama kaka na dada.

Mkakubali. Siku ileile ulibeba godoro dogo ukalitandika saloni, pale sebuleni, kando ya langu, chini ya picha ya Bikira Maria. Nilifurahi sana. Nilidhani umemchoka mama ukanichagua mimi.

Sasa mtaani kwetu Mapendo, na nyumba zetu za mbao, nani atafichia wapi? Kila asubuhi ulikunja godoro nyuma ya kiti, na kila asubuhi jirani mmoja alikuja kuomba chumvi na macho yake yakaenda nyuma ya kiti. Habari ilifika Masisi kabla ya mvua. Jumamosi moja wakatokea wajomba watatu, na jibini la mviringo, na nyuso za hakimu. Mwanaume akilala saloni amefukuzwa, na waliokula mbuzi zake lazima waje kutengeneza. Mjomba mkubwa akaelekeza fimbo yake kwenye godoro. Akamuuliza mama kama unampiga. Akakuuliza wewe kama unanyimwa chakula. Mama akainamisha kichwa, maana maneno ya chumbani hayasemwi mbele ya kaka, hata kama yametoka kwa padri.

Ukakohoa kidogo, Papa, ukasema:

"Ni mimi, bashemeji. Nakoroma sana. Nilimuonea mama huruma."

Mjomba akakuangalia toka kichwani mpaka miguuni, kama mutu anayepima ng'ombe kwa macho.

"Mwanaume hakoromei viti," akasema. "Dada yetu atavumilia."

Akakata jibini. Mama alijifunika uso na kitenge, mabega yakawa yanatikisika, na wajomba wakamhurumia wakidhani analia. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Niliona meno.

Wajomba walipoondoka ulirudi saloni vilevile, mkijua kwa nini. Na siku yangu ikafika. Naikumbuka kama niliiona nikiwa ndani ya maji. Jua liliingia kwa vioo vya rangi likawa linatembea juu ya vichwa vya watu, wimbo ukawa unatoka mbali, na mama mbele yangu katika mstari, hatua ndogo ndogo, mikono imefungwa kifuani. Sikujua kama mama yangu alikuwa kijana namna ile. Nilipogeuka nilikuona wewe peke yako kwenye benchi, magoti umeyaweka pembeni ili watu wapite, kama msafiri aliyeachiwa mizigo ya wenzake. Ulikuwa unatabasamu.

Kisha mvua kubwa ikaja. Sakafu ya sementi iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano, unajua baridi yake. Ukaanza kukohoa, wiki moja, wiki mbili. Asubuhi moja mama hakuuliza padri, hakuuliza mjomba. Alichukua godoro akaliweka kichwani, akaliingiza chumbani. Ulipoanza kumbishia, na kumkumbusha komunyo yake, alisema neno moja tu: "Siwezi kula na huku nasikia mutu anakohoa."

Jumapili iliyofuata alikaa. Magoti pembeni, pamoja na yako. Niliporudi kutoka kwenye mstari nimevimba kama askofu, alinivuta katikati yenu akaweka kiganja mgongoni kwangu. "Kaa karibu," akasema, "na sisi tupate kidogo." Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote. Nilikua, nikaacha shule, nikapata moto, nikaanza kunusa manukato ya wasichana badala ya ubani, na bado kila Jumapili kiganja kile. Ndiyo maana mimi sihitaji kalenda. Mama akikaa, Papa yuko nyumbani.

Halafu ukaenda Beni kununua mafuta, na njia ikafungwa nyuma yako, ukakwama Butembo.

Tumepata padri kijana. Alimwambia mama kwamba kwa kuwa mnaishi mbali mbali, hakuna kinachomzuia: aungame, apokee, na siku mume atakaporudi watakaa wote watatu na kuangalia jambo hilo polepole, kwani siku hizi kanisa linajaribu kuangalia kila nyumba kwa mlango wake. Hakuahidi kitu. Basi shirika letu la sala la mtaani likawaka. Kila Alhamisi tukimaliza kusoma Injili, watu wanaiacha Injili wanamshika mama. Wengine wakasema padri huyo anafungua zizi. Wengine wakasema hata wewe, uliyebeba mawe ya kujenga kanisa, ulistahili kuwa umeshakula zamani. Mimi nilisimama nikatoa hotuba, ungenisikia, nilichanganya na Kifaransa, waliopiga makofi ni wawili.

Aliyeninyamazisha ni muzee katekista. Hakupandisha sauti. Alisema dada yake aliachwa akiwa na miaka ishirini na mitatu, akabaki peke yake mpaka nywele zikawa nyeupe, kwa ajili ya neno la Bwana. "Nikisema leo kwamba mlango ulikuwa wazi," akaniuliza, "dada yangu nitamuambia nini, mutoto wangu?"

Papa, niliketi chini. Mimi. Jibu nimelitafuta siku nyingi juu ya moto na bado sijalipata. Katekista ana haki yake, padri ana haki yake, na mimi nina masomo nusu.

Mama akaungama, akapokea. Alirudi kutoka kwenye mstari na uso ule wa siku yangu, unang'aa, unatembea bila kugusa chini. Na mimi, mdomo wangu huu usio na frein ya kuusimamisha, nikakupigia simu nikijisifu kama vile nimemkomunisha mimi. Ukaniacha nimalize. Kisha ukasema:

"Muache akule. Mimi nitakuya akishashiba."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa njia iliyofungwa. Wiki jana Mama Furaha akaniambia alikuona Butembo: karatasi za kupitia Uganda unazo, nafasi kwenye gari uliipata, ukampa mutu mwingine. Kumbe hukufungiwa. Umejifungia. Umeongopa tena, kama siku ya wajomba, na tena ni kwa ajili yake. Sasa godoro lako la saloni umelipeleka mpaka Butembo.

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Nilizunguka mji mzima na abiria mgongoni bila kusikia wanaenda wapi. Mmoja nilimfikisha Katoyi naye alitaka Majengo. Mwisho nikamwambia mama. Ilikuwa Alhamisi mchana, anachagua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaendelea kuchagua, mbaya huku, nzuri huku, mpaka ungo ukaisha. Kisha akainuka akafua shuka lile kubwa la kitanda chenu, lile la maua, akalitandaza juu ya mawe meusi uani likae juani. Shirika hakwenda.

Jumapili niliketi kando yake, kama zamani. Wimbo wa komunyo ukaanza. Benchi yetu ikasimama. Mama akaweka magoti pembeni.

Muzee katekista akapita mbele yetu kuelekea kwenye mstari, akamwona, akasimama kidogo. Akamgusa begani, akaendelea. Mimi sikwenda kupokea, kwa sababu ambazo wasichana wa Majengo wanazijua. Kwa hiyo safari hii hapakuwa na mgongo wa kutupatia kidogo. Tulikaa tu, sisi wawili, na nafasi yako katikati, na lile jua la rangi likipita juu yetu taratibu.

Baada ya misa padri kijana alimfuata mlangoni. Alikuwa na wasiwasi, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo limetokea wiki hii, kama mama amefanya kitu.

"Sijafanya kitu, padri," mama akamjibu. "Niko namungojea mutu."

Sasa umesikia. Hajashiba, na ameondoka mezani. Ukibaki huko hatakula, na hatakuwa na wewe. Atakuwa amekosa vyote viwili kwa ajili ya ujanja wako. Ukija, mtakwenda kwa padri watatu mkaongee, na kama jibu ni hapana, mtakaa wawili na magoti yenu pembeni, na mimi nitaungama nirudi kwenye mstari, nivimbe tena, niwaletee mgongo. Ahadi hiyo imenigharimu, waulize Majengo.

Mpe Mama Furaha siku. Nitakungoja Bunagana mpakani, moto imeoshwa, tangi imejaa. Safari hii tutafika.

Ni mimi, mutoto wako wa saloni, niliyelala kando yako miezi ile yote, na ninayejua peke yangu kwamba wewe hukoromi.