Blanketi Ulilorudisha

Duluth, Machi 3

Kirsten mpwa wangu,

Huku theluji imefika madirishani na mimi ni mzima kuliko wewe.

Blanketi la mtoto umelirudisha kwa posta kama kiatu kisichotosha! Eti, “Mjomba, matundu ni makubwa, vidole vya Otto vitanasa.” Mimi nililifuma jioni moja, kwa kulabu nene kama mpini wa ufagio, nyuzi nne kwa pamoja, na Duluth nzima ikaja kutazama. Mchungaji alilia!

Halafu chini ukaandika, “Usije kumwona kwanza. Wewe kila kitu ni haraka, hata kwenye mazishi ya mama uliondoka kabla hajafukiwa.”

Huna adabu. Alikuwa dada yangu. Sikuweza kutazama lile shimo.

Basi nimelifumua lote. Nimenunua kulabu nyembamba kama njiti ya kiberiti. Wiki mbili sasa, na limefika upana wa kiganja tu. Macho yananiuma, na kila mstari nakutukana.

Niandikie siku ya kuja. Safari hii nitakaa mpaka unifukuze.

Mjomba wako, hasira bado ninayo,
Verlyn