Alama za Mkono wa Kushoto

Mbeya, Jumanne

Mama mpendwa,

Tangu nije huku kuna sauti moja isiyoniacha: kifundo cha kidole chako kikigonga chungu kilichotoka motoni. Kizima huitika kwa mlio mrefu. Chenye ufa hujibu kwa mkato, nawe hukiweka kando. Nakusalimu: ugonile, mama. Mgongo unaendeleaje? Mpunga wa shangazi kule Ipyana umeshavunwa? Mimi ni mzima wa mwili. Mwombe Lucy akusomee yote, asiruke mahali.

Vile vyungu vitatu ulivyonipa vya kupikia havijaona jiko. Nilivipeleka kwenye chama cha wanawake wasanii, wakavipokea kwa maonyesho. Mwenyekiti, mama Prisca, alisema vyungu vya Ikombe vimeuzwa miaka yote bila mtu kuuliza nani kavifinyanga, na kwamba chama kipo ili majina hayo yaandikwe.

Jumamosi maonyesho yalifunguliwa. Nilieleza habari za udongo na kuchoma, watu wakasikiliza, na chama kikaniomba niwafundishe wanachama wenzangu, kikanikabidhi ufunguo wa karakana yake. Ndipo bibi Marta, mzaliwa wa kwetu Ikombe anayeishi huku, akainua chungu kimoja. Alipitisha kidole gumba cha kulia kwenye nakshi za ukingo, akabadilisha mkono, akapitisha tena. Akaniuliza taratibu, “Mwanangu, tangu lini wewe ni mashoto?”

Watu walicheka wakidhani ni utani wa nyumbani. Nami nikacheka, ingawa nilijua ameutambua mkono wako wa kushoto. Hakuuliza zaidi, ningeweza kunyamaza hadi leo.

Mama, kwenye kadi ya kila chungu niliandika jina langu. Fomu iliuliza msanii ni nani, nikajiambia kwamba wewe huwezi kuieleza kazi yako mbele za watu, na mimi nimesoma. Nilijidanganya. Nilitaka kuitwa mfinyanzi, na mikono yangu haijawahi kutoa chungu kilichoitika.

Jana nilimweleza mama Prisca mbele ya wanachama wote. Aliuliza jina lako kamili, akaliandika mwenyewe, mimi hakunitazama. Watakuja kukuona mwezi ujao. Ukiwakatalia kwa sababu yangu, sitashangaa.

Msalimie Lucy, na shangazi mwambie ndaga, namshukuru kwa mchele alionipa. Kadi tatu zenye jina langu nimezichana, na ufunguo wa karakana nimeurudisha.

Mwanao,
Neli