Nilimnenepesha Mdogo Wangu Ili Gauni Limkae

Shangazi wa redio, nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, nakusikiliza kwa simu, naomba unisaidie. Mimi ni fundi cherehani, nilijitolea kumshonea mdogo wangu gauni la harusi, na kwa haraka zangu nikakata kitambaa kwa vipimo vya mteja mwingine, mama mmoja mnene, sikugundua mpaka nilipomaliza kutarizi nakshi ubavuni, na kulipunguza ni kufumua nakshi zote, naye angejua, nikaona aibu, fundi mzima wa miaka kumi na tano, basi nikanunua vile vidonge vya kunenepesha, nikavisaga, nikawa namtilia kwenye chai kila asubuhi miezi mitatu, akajaa mashavu, watu wakasema mapenzi yamemkubali, nami nikacheka nao. Gauni lilipomkaa nikaacha, siku ya nne akatapika, akaanguka bafuni, sasa presha haipandi, na daktari anasema damu yake karibu haina homoni ya msongo, eti ubongo umeacha kuiagiza, akaniuliza kama anatumia dawa yoyote, nikajibu hapana. Shangazi, nimwambieje mama?

Fundi, ujumbe wako nimeusoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mdogo wako anazima, wewe unamuwaza mama?

Sikiliza. Ubongo hutoa kemikali inayoamsha tezi ndogo iliyo chini yake, nayo hutuma ujumbe kwa tezi zilizokaa juu ya figo, ndipo homoni hiyo inatoka. Ndiyo inayoshikilia presha mwili ukiwa taabuni. Baadhi ya vidonge hivyo huiga homoni hiyo hiyo. Ubongo ukaona imejaa, ukanyamaza, tezi zikalala. Ulipokata ghafla, hakukuwa na wa kuziamsha.

Aibu naielewa, sote tumewahi kuharibu kazi ya mtu. Lakini ile hapana yako ndiyo inayomuua sasa. Mshike daktari mkono, umwambie: nilimpa vidonge kwa siri, miezi mitatu, nikaacha ghafla. Mtume mtu akalete pakiti. Wewe usimtilie tena kitu chochote mdomoni. Akizinduka, muombe radhi yeye kwanza, mama baadaye, na gauni ulifumue lote hata asipotaka kulivaa.

Naweka wimbo sasa. Usiusikilize. Zima simu, mwanangu, ingia wodini.