Mswaki wa Marehemu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini goti limepungua kuuma na usingizi unaupata. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameota meno ya chini, anamng'ata kila anayembeba, kisha anacheka kicheko kilekile cha baba yake.

Naandika kwa sababu nikipiga simu anapokea shemeji, anasema umelala. Naomba jirani yako mshonaji ndiye akusomee.

Mama, nisamehe kwa nitakayosema juu ya mwanao huyu, shemeji yangu. Wageni wa msiba hawajaisha, nilimkuta anapima sebule kwa futi ya fundi. Asubuhi nikamkuta bafuni na mswaki wa marehemu mume wangu, povu limejaa mdomoni. Akacheka, akasema vya marehemu ni vya ukoo na mate ya ndugu hayana sumu.

Kisha akaniambia mke hana lake mpaka mirathi ifunguliwe, na msimamizi lazima awe mwanamume wa ukoo, kwa hiyo nitie sahihi kumkubali. Alisema ni wewe uliyemtuma. Nikamwomba asubiri mtoto anyonye. Akasubiri huku anajichokonoa meno na kutema vipande sakafuni, hapohapo mtoto anapotambaa.

Kesho yake nilimbeba mtoto mgongoni hadi mahakamani. Karani, mama mmoja mwenye mafua, aliniuliza hati ya kiwanja ina jina la nani. Nikamwambia yetu wote wawili. Unakumbuka shemeji alivyomcheka kaka yake siku ile aliponiandika kwenye hati, eti ni yeye aliyeolewa. Basi karani akasema tuliandikishwa kwa pamoja, na aliyebaki ndiye mwenye nyumba. Nyumba haingoji mirathi, nipeleke tu cheti cha kifo ofisi ya ardhi. Ila mashine ya kuchomelea na pikipiki vilikuwa vya mume wangu peke yake. Hivyo vinataka mirathi, na mjane anaruhusiwa kuomba usimamizi mwenyewe. Shule yangu unaijua, nikamwomba arudie. Akarudia bila kukunja uso.

Kurudi nyumbani, nikakuta shemeji anamtembeza mnunuzi vyumbani. Mtu yule amejilaza na viatu juu ya shuka langu, anajaribu ulaini wa godoro. Shemeji anamhakikishia mjane hana neno, ataondoka. Nikamwambia mnunuzi hati ina jina langu. Akavuta suruali akatoka. Shemeji akaanza kunipa pole upya, kwa sauti ya mtu anayembembeleza kuku wa kuchinja. Mpaka leo nikiikumbuka nanawa mikono.

Sasa mama, nikuambie nililolifanya bila kukuuliza. Sahihi aliyoitaka sikuitia. Usimamizi nimeuomba mimi, na warithi nimetaja wewe, mimi na mtoto. Yeye hayumo. Amepinga, na anamwambia hakimu kwamba anayakataa haya kwa niaba yako. Hakimu anataka kukusikia kwa mdomo wako.

Kama kweli ulimtuma, sema tu. Nitalia, lakini fungu lako utalipata vilevile, maana marehemu alikupenda na mimi sijaacha. Kama hukumtuma, njoo. Mjumbe aliyeleta barua hii ana nauli yako, na nimemwambia asiondoke bila jibu. Chumba cha nyuma nimekifagia.

Msalimie jirani, mshukuru kwa macho yake. Mjukuu wako anakushika miguu.

Ni mimi mkweo,
Mama wa mtoto