Dripu ya Tano

Shamba la mapea, Ceres
11 Februari 2019

Mpendwa dada yangu Nthabeleng,

Pokea salamu za mdogo wako. Waendeleaje? Vile vidonda vya mdomoni vimepona? Uji wa mtama unapita sasa, au bado kila kitu kina ladha ya chuma? Mimi mzima, ila mgongo unauma na tangu Ijumaa situlii.

Ijumaa ndipo binti yako Relebohile aliponipigia. Anasema hutaki kwenda hospitali Bloemfontein tarehe 21 kwa dripu ya tano, na zimebaki mbili tu. Ati nabii wa kanisa letu hapo nyumbani kakufunga kamba za sufi kifuani, kasema maji ya baraka hayapatani na dawa ya saratani. Mtoto alipokubembeleza ukamjibu, "Muulize mjomba wako. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Kweli, ni mimi. Krismasi ya mwaka juzi uliponiambia una kinundu kwenye titi, nilisema hospitali ni ya watu wasio na imani. Nikakuachia chupa nane za maji niliyoyaombea mwenyewe. Ukanywa miezi saba. Kinundu kikakua, na mimi huku nikawa nashukuru kanisani kwamba umepona. Sijawahi kukuomba radhi, dada. Nakuomba leo.

Kazi haiendi. Nachuma mapea mazuri na yaliyochubuka, natia yote kwenye mfuko mmoja. Sekhobe, tunayechuma naye mti mmoja, ananikejeli: "We nabii, leo unachuma au unaoteshwa?" Namwacha.

Jana kabla ya ibada nilimfuata askofu wetu, Mzee Mokhethi, yule dereva wa trekta. Nikamweleza yote, hata zile chupa. Akaingiza mkono ndani ya joho, akatoa pakiti ya vidonge.

"Unaviona hivi?"

"Naviona, Baba."

"Vya sukari. Kila asubuhi nameza, halafu navaa joho naombea watu. Mungu akitaka niache ataniambia mwenyewe, hatamtuma mpumbavu kama wewe."

"Na kamba je, Baba?"

"Azivae. Azivae akiwa kwenye gari la kwenda hospitali."

Kisha akakata uzi wa buluu kwenye mshipi wake, akauombea, akanipa. Umo humu ndani ya barua. Sekhobe anapanda basi kesho kuja huko nyumbani kumzika baba yake mkubwa, atakufikishia. Jifunge kwenye mkono usiochomwa sindano.

Dada, sijui kama dripu zitatosha. Miezi ile saba naihesabu hata nikiwa juu ya ngazi. Usiniongezee mwingine.

Nisalimie shangazi 'Mamphele, mwambie blanketi lake nimelipata. Relebohile mwambie asiache kukukaripia.

Tarehe 21, saa nne asubuhi, saa yako ya kuingia kwenye dripu, nitashuka kwenye ngazi. Msimamizi akinifukuza, na anifukuze. Nitapiga magoti palepale kwenye majani, na sitainuka mpaka Relebohile anitumie neno moja tu: ameingia.

Mungu aliyekuvusha dripu nne akushike mkono kwenye ya tano.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Motlalepula